Kamati, madaraja au jicho la mwenzako: njia tatu za kusimamia mabadiliko ya mifumo ya TEHAMA

Mkuu wa kitengo cha TEHAMA katika taasisi ya kati hapa Dar es Salaam, iwe SACCOS, hospitali, kampuni ya bima au wakala wa forodha wa karibu na bandari, hufika mahali ambapo utaratibu wa kuambiana kwa mdomo hautoshi tena. Mfumo wa mauzo umeunganishwa na TRA kwa ajili ya risiti, makusanyo yanaingia kwa simu za mkononi, faili la mishahara linakwenda benki kila mwisho wa mwezi, na kila kimoja kinategemea kingine kwa namna ambayo hakuna mtu mmoja anayeijua yote. Fundi akigusa kitu kidogo Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi wateja waliopanga foleni dirishani wanaambiwa kwamba mtandao unasumbua, ilhali mtandao hauna tatizo lolote. Uongozi ukichoshwa na hali hiyo huagiza kuwe na utaratibu wa mabadiliko, lakini mara nyingi haujui kwamba taratibu zenyewe ni zaidi ya moja, na kwamba ule unaolifaa shirika moja unaweza kulikwamisha jingine.

Makala hii inalinganisha njia tatu zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kamati ya mabadiliko, ambayo hukaa kwa ratiba na kupitia kila ombi. Ya pili ni idhini kwa madaraja ya hatari, ambapo mabadiliko madogo yanayojirudia yana ruhusa ya kudumu na makubwa yanapanda ngazi. Ya tatu ni ukaguzi wa mwenzako ukisaidiwa na majaribio ya kiotomatiki, ambapo idhini hutolewa na fundi mwingine anayeijua kazi, na mashine huzuia kile kisichopita vipimo.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni kasi: tangu ombi liandikwe hadi mabadiliko yamfikie mtumiaji panapita muda gani, na kiasi gani cha muda huo ni cha kufikiri, kiasi gani ni cha kusubiri tu. Cha pili ni uwezo wa kugundua kosa kabla mteja hajalipata. Cha tatu ni kurudi nyuma, yaani kuurejesha mfumo katika hali ya awali pale mambo yanapoharibika. Cha nne ni ushahidi, kwa maana ya kile utakachomwonyesha mkaguzi atakayekuja baada ya miezi minane akitaka kujua nani aliruhusu, nani alitekeleza na nani alihakiki. Cha tano ni gharama, na hasa idadi ya watu unaowahitaji ili utaratibu usife.

Kigezo cha tatu ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine, na mikasa miwili ya mwaka 2012 inatosha kuonyesha sababu.

Mwezi Juni mwaka huo benki za kundi la RBS nchini Uingereza zilisasisha programu iliyokuwa ikipanga kazi za usiku za kuchakata miamala. Dosari zilipoonekana, wataalamu waliiondoa programu mpya ili warudi kwenye ile ya zamani, bila kujaribu kwanza kurudi huko kungeleta nini. Toleo jipya na la zamani hayakupatana, mlolongo wa kazi ukavurugika, na wateja zaidi ya milioni 6 wakapata usumbufu ambao kwa baadhi yao ulidumu kwa wiki kadhaa. Mwaka 2014 wasimamizi wa sekta ya fedha wa nchi hiyo waliitoza RBS faini ya jumla ya pauni milioni 56.

Tarehe 1 Agosti ya mwaka huohuo, kampuni ya Marekani iitwayo Knight Capital, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa mitambo, ilianza kutumia msimbo mpya, yaani maandishi ya programu yanayoiambia mitambo ifanye nini. Kati ya seva nane, moja haikupelekewa msimbo huo, na hapakuwa na fundi wa pili aliyepitia kazi ya mwenzake. Soko lilipofunguliwa, seva ile iliyosahaulika ikaanza kuendesha msimbo wa kale uliokuwa umeachwa ndani yake kwa miaka mingi. Katika kuhangaika kulizima tatizo, mafundi wakauondoa msimbo mpya kwenye zile seva saba zilizokuwa salama, na hapo hali ikawa mbaya zaidi. Katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440.

Katika mikasa yote miwili watu walirudi nyuma, na kurudi kwenyewe ndiko kulikoongeza madhara. Kwa hiyo katika kila njia nitakayoieleza hapa chini nitauliza swali hilohilo: je, inamlazimisha mtu yeyote kujaribu kurudi nyuma kabla ya siku yenyewe, au inaridhika na ahadi iliyoandikwa kwenye fomu?

Njia ya kwanza: kamati ya mabadiliko

Kamati ni sura iliyozoeleka kupitia ITIL, mkusanyiko wa miongozo ya huduma za TEHAMA ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa kawaida kamati hukaa mara moja kwa wiki. Ndani yake yumo mkuu wa TEHAMA, mtu wa usalama wa mifumo, mwakilishi wa fedha, mwakilishi wa uendeshaji, na mkuu wa idara ambayo mfumo wake unaguswa.

*Kasi.* Hapa ndipo kamati inapolaumiwa zaidi, na lawama ina msingi. Kama kikao ni Jumanne na mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa, ombi la Jumatatu linasubiri siku nane, hata kama utekelezaji wake ni wa dakika kumi. Katika mazingira yetu ugumu huu huonekana wazi mwezi Juni. Bajeti ya serikali husomwa mwezi huo, Sheria ya Fedha hupitishwa siku za mwishoni, na kwa kawaida viwango vipya huanza kutumika tarehe 1 Julai. Aliye na mfumo wa mauzo au wa mishahara anabaki na siku chache za kusoma sheria, kubadili mfumo na kuujaribu, tena katika kipindi kilekile ambacho wengi wanafunga hesabu za mwaka. Kamati isiyo na kipengele cha kikao cha dharura itavunjwa na tarehe hiyo, kwa kuwa watu watabadili mifumo bila kuisubiri.

*Kugundua kosa.* Nguvu ya kamati iko kwenye mgongano wa kazi, haiko kwenye msimbo. Mhasibu aliye mezani ndiye atakayesema kwamba tarehe 20 ni ya ritani za VAT na kwamba tarehe 7 ni ya kodi za mishahara, hivyo seva ya hesabu isiguswe siku hizo. Muuguzi mkuu ndiye atakayeeleza kwamba maabara huandika majibu usiku kucha, na kwamba ile saa inayoitwa tulivu haina utulivu wowote kwake. Hakuna mashine itakayokuambia mambo hayo. Hata hivyo, kamati haiwezi kusoma mistari mia mbili ya msimbo katika dakika tano na kuona kosa lililojificha humo. Utafiti wa DORA, kikundi kinachochunguza utendaji wa timu za programu, uliochapishwa mwaka 2018 na Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim ulionyesha kwamba idhini inayotolewa na watu wa nje ya timu iliambatana na ucheleweshaji mkubwa zaidi, huku ikiwa haina uhusiano na kupungua kwa mabadiliko yanayoharibika. Ni matokeo ya kuchukuliwa kwa uzito, ingawa yanahusu zaidi timu zinazotengeneza programu zao zenyewe kuliko taasisi inayoendesha mifumo ya kununua.

*Kurudi nyuma.* Karibu kila fomu ya maombi ina kisanduku cha mpango wa kurudi nyuma, na katika fomu nyingi kisanduku hicho kina maneno matatu tu: "tutarejesha nakala rudufu." Nakala ya saa ngapi? Imehifadhiwa wapi? Mara ya mwisho ilijaribiwa kurejeshwa lini, na ilichukua muda gani? Miamala iliyoingia baada ya nakala hiyo kuchukuliwa itakwenda wapi? Mwenyekiti anayeuliza maswali haya manne kila wiki ana kamati yenye thamani kubwa. Mwenyekiti asiyeyauliza anaongoza kikao cha kupiga mihuri.

*Ushahidi.* Hapa kamati iko vizuri sana. Muhtasari wa kikao, mahudhurio na sahihi ni lugha ambayo mkaguzi wa ndani, mkaguzi wa nje na Ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali wanaielewa bila maelezo ya ziada.

*Gharama na watu.* Programu haihitajiki, lakini muda wa wakubwa unahitajika, na muda huo ni ghali. Wakianza kutuma wawakilishi wasio na mamlaka ya kuamua, kamati imeanza kufa.

*Inamfaa nani.* Inaifaa taasisi ambayo mabadiliko yake ni machache lakini kila moja linagusa watu wengi, au halirudishwi likishafanyika. Mfano tunaoukumbuka sote ni maboresho ya mita za LUKU ya mwaka 2024. Mita za malipo ya kabla duniani kote, zile za kiwango cha kimataifa cha STS, zilikuwa zikihesabu dakika kuanzia 1993 ndani ya nafasi ya biti 24, na nafasi hiyo ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Kila mita ilipaswa kuingizwa tarakimu za kubadili ufunguo wake kabla ya siku hiyo, na aliyeziingiza ni mteja mwenyewe, nyumbani kwake. Kazi ya namna hiyo ina tarehe isiyosogezwa, inahitaji matangazo, watu wa kupokea simu na ratiba ya maeneo, na kurudi nyuma hakupo. Fundi mmoja na mwenzake hawawezi kuiamua peke yao, hata wawe hodari kiasi gani.

Njia ya pili: idhini kwa madaraja ya hatari

Njia hii inaanza kwa kukubali kwamba mabadiliko hayalingani. Kumfungulia akaunti mfanyakazi mpya mwenye haki za kawaida, kuhamisha printa au kuongeza nafasi ya diski kwenye seva ni kazi zinazojirudia, ambazo hatua zake zimeandikwa na madhara yake yanajulikana, kwa hiyo zinapewa ruhusa ya kudumu na fundi anaandika tu kwamba amezifanya. Daraja la kati linaidhinishwa na mwenye mfumo pamoja na mkuu wa kitengo. La juu linakwenda kwenye kamati ndogo. Dharura nayo ina mlango wake: watu wawili waliotajwa kwa vyeo wanaruhusu kwa simu, kazi inafanyika, na maandishi yanakamilishwa baada ya siku mbili za kazi. ITIL yenyewe ilielekea huku. Toleo lake la nne, la mwaka 2019, linataka mamlaka ya kuidhinisha yapangwe kulingana na aina ya mabadiliko, badala ya kila kitu kupitishwa kwenye mlango mmoja.

*Kasi.* Ni nzuri kwa sehemu kubwa ya kazi za kila siku, na hilo lina faida ya pili ambayo haitajwi sana: kamati inayobaki na maombi manne badala ya arobaini inapata muda wa kuyasoma.

*Kugundua kosa.* Kila kitu kinategemea namna unavyopanga madaraja. Wapo wanaopanga kwa ukubwa wa kazi, na huo ni upotevu, kwa sababu ukubwa wa kazi na ukubwa wa madhara ni mambo mawili tofauti. Maswali mawili yanatosha: ikiharibika nani ataumia, na kurudi nyuma kunachukua dakika ngapi? Kuweka nembo mpya juu ya ankara na kubadili kiwango cha kodi kwenye mfumo wa mauzo ni kazi zinazoweza kulingana kwa muda wa kuandika. Ya kwanza ikiharibika, ankara zinachapika vibaya na unairudisha kabla chai haijapoa. Ya pili ikiharibika, kila risiti inayotoka ina kodi isiyo sahihi, na zile zilizokwisha kwenda mikononi mwa wateja na kwenye kumbukumbu za TRA huwezi kuzifuta kwa kubonyeza kitufe. Ya kwanza ni ya daraja la chini na ya pili ni ya daraja la juu, bila kujali fundi anasema ni kazi ya robo saa.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba madaraja yanachakaa na watu wanajifunza kuyakwepa. Mtu mwenye haraka huigawa kazi ya daraja la juu vipande vitatu ili kila kipande kionekane cha chini, au huiita dharura kwa sababu tu amechelewa kuiombea ruhusa. Kanuni ya fayawoli (ukuta unaozuia wasioruhusiwa kuingia kwenye mtandao) iliyopewa ruhusa ya kudumu mwaka juzi kwa ajili ya mkandarasi mmoja inageuka kuwa desturi ya kumfungulia kila mkandarasi. Dawa yake ni kuipitia orodha ya ruhusa za kudumu kila robo mwaka, na kuhesabu dharura. Zikianza kukaribia mabadiliko ya kawaida kwa wingi, tatizo halipo kwenye mitambo, lipo kwenye utaratibu.

*Kurudi nyuma.* Kwa kuwa muda wa kurudi ni sehemu ya kupanga daraja, fundi ana sababu ya kuupima. Anayetaka kazi yake ishuke daraja lazima aonyeshe kwamba amejaribu kurudi kwenye mazingira ya majaribio na kwamba ilichukua dakika kadhaa zinazojulikana. Naona hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa madaraja, maana hapa fundi anajaribu kurudi nyuma kwa manufaa yake mwenyewe, bila kusubiri kusukumwa.

*Ushahidi.* Unatosha, ilimradi daftari la mabadiliko linajazwa hata kwa yale madogo. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa taarifa, ISO/IEC 27001 cha mwaka 2022, katika kidhibiti namba 8.32, kinataka mabadiliko yafuate taratibu za usimamizi wa mabadiliko, na hakikulazimishi kuwa na kamati. Mkaguzi atataka kuona kwamba daraja lilipangwa kwa kanuni iliyoandikwa, halikupangwa kwa hisia za siku ile.

*Gharama na watu.* Kazi kubwa iko mwanzoni, katika kuandika orodha na kukubaliana na wenye mifumo. Baada ya hapo inatosha mtu mmoja mwenye kulishika daftari kwa nidhamu.

*Inamfaa nani.* Inaifaa taasisi yenye mchanganyiko: mabadiliko mengi madogo, machache mazito, na timu ya watu kati ya wanne na ishirini. Haimfai asiyeweza kusema hapana, kwa maana madaraja bila mtu wa kuyalinda hubaki majina tu.

Njia ya tatu: jicho la mwenzako na majaribio ya kiotomatiki

Katika njia hii msimbo na mipangilio ya mifumo huhifadhiwa kwenye hazina inayotunza historia ya kila badiliko, kama Git. Hakuna anayeingiza kazi yake mwenyewe bila mwenzake kuipitia, majaribio huendeshwa yenyewe kila mara, na kilichofaulu hupelekwa kwa watumiaji wachache kwanza kabla ya wote.

*Kasi.* Hakuna inayoifikia. Badiliko dogo linaweza kuandikwa asubuhi na kuwa linatumika kabla ya mchana, na udogo huo wenyewe ni kinga, kwa sababu mistari kumi ikiharibu kitu ni rahisi kujua ni mstari upi.

*Kugundua kosa.* Tuchukue mfano wa SACCOS. Fundi ameandika amri ya kusahihisha riba ya wanachama wa tawi la Temeke. Mstari wa kwanza unataja jedwali, wa pili unataja riba mpya, na wa tatu, ambao ungetaja tawi, haupo. Kwenye kamati ombi hili lingesomeka kama "marekebisho ya riba, Temeke" na lingepita. Mwenzake anayeijua lugha ya kanzidata anaona katika nusu dakika kwamba amri ikiendeshwa jinsi ilivyo, riba ya wanachama wa matawi yote itabadilika. Ni jicho la namna hiyo lililokosekana kwenye seva ya nane ya Knight Capital.

Lakini vipimo vya mashine navyo vinaweza kuwa na kosa. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho la programu yake ya ulinzi, chombo chake cha uhakiki kikalipitisha faili lenye kasoro kwa sababu chenyewe kilikuwa na kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zikazima. Sasisho lile halikupelekwa kwa wachache kwanza. Ndiyo maana anayechagua njia ya tatu asiiachie nusu: majaribio bila kupeleka kidogo kidogo ni nusu ya njia.

*Kurudi nyuma.* Kwa msimbo, kurudi ni kuchagua toleo la jana, na timu inayopeleka kazi kila siku imekwisha kurudi mara nyingi kiasi kwamba haiogopi. Kwa data, hali ni tofauti kabisa. Jedwali lililofutwa au lililobadilishwa muundo halirudi kwa kurudisha msimbo, na hapa njia ya tatu haina ubora wowote juu ya nyingine. Tena, CrowdStrike waliliondoa sasisho lao baada ya dakika 78, lakini kompyuta zilizokwisha kuzima hazikuweza kulipokea rekebisho, hivyo mafundi wakalazimika kuziwasha moja moja na kulifuta faili kwa mkono. Kurudi nyuma kwa kutumia chombo kilekile kilichoharibika si mpango.

*Ushahidi.* Kwa ukweli wake, ni bora kuliko muhtasari wa kikao, maana hazina inaonyesha nani aliandika nini, nani alikubali na saa ngapi. Tatizo ni kwamba mkaguzi asiyezoea atahitaji kuoneshwa namna ya kuusoma, na atauliza kwa haki kama mtu mwenye ufunguo mkuu anaweza kulikwepa lango. Jibu lake liandikwe mapema.

*Gharama na watu.* Hapa ndipo taasisi nyingi za kwetu zinapokwama. Unahitaji watu wawili wanaoujua mfumo mmoja kwa kina kinachokaribiana, na wengi wana mmoja tu. Unahitaji pia kuumiliki msimbo. Kama mfumo wako wa hospitali ni wa kununua na msimbo uko kwa mkandarasi, unaloweza kukagua ni mipangilio, ripoti na maunganisho tu. Vilevile mazingira ya majaribio yanahitaji data, na kishawishi cha kunakili kanzidata halisi ya wateja ni kikubwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika mwezi Mei 2023, kishawishi hicho kimekuwa suala la kisheria; ficha majina, namba za simu na namba za NIDA kabla ya kunakili. Mwisho, angalia mnyororo wako wa kiotomatiki unaishi wapi. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya nchi nzima ilidorora. Aliyekuwa na hazina na mashine zake zote ng'ambo, bila nakala hapa nchini, hakuwa na njia ya haraka ya kurekebisha hata seva iliyo chumba cha pili.

*Inamfaa nani.* Inazifaa kampuni zinazotengeneza programu zao zenyewe, za malipo, za usafirishaji, za elimu, na kitengo chochote ndani ya taasisi kubwa kinachomiliki msimbo wake.

Mambo yanayohitajika kwa njia yoyote

Kwanza, muda uandikwe kwa tarakimu nne za saa 24. Kwenye fomu nyingi huandikwa "saa 2 usiku", na mtu mmoja anaelewa ni muda wa taarifa ya habari ilhali mtu mwingine, aliyezoea saa ya kompyuta, anaelewa ni usiku wa manane. Kumbukumbu za seva nazo mara nyingi ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Andika 20:00 au 02:00, saa za Afrika Mashariki, na utaondoa ugomvi mwingi.

Pili, kundi la WhatsApp si mahali pa idhini. Linafaa kwa kupeana taarifa, lakini ruhusa iliyotolewa kwa kidole gumba hupotea simu inapobadilishwa. Aidha, jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, amri moja ya matengenezo kwenye mtandao wa ndani wa Facebook iliizima WhatsApp pamoja na huduma nyingine za kampuni hiyo kwa saa zipatazo sita. Dharura inahitaji namba za simu zilizochapishwa kwenye karatasi.

Tatu, kuwe na kalenda ya siku za kutogusa: siku za mishahara, siku za ritani, kufunga mwaka, na mkesha wa sikukuu ambapo nusu ya mafundi wako njiani kwenda mikoani.

Kuchagua kwa hali yako

Kama wewe ni taasisi ya umma, unafanya kazi chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 pamoja na viwango na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, na mifumo yako mingi inaunganishwa na ya taasisi nyingine. Anza na kamati, kwa sababu uratibu ndio mzigo wako mkubwa, kisha ondoa mezani kwake kazi zinazojirudia kadiri imani inavyojengeka.

Kama una benki, bima au SACCOS kubwa yenye mfumo mkuu wa kununua, madaraja yatakuhudumia vizuri zaidi, huku kamati ikibaki kwa ajili ya mfumo mkuu wenyewe na mikataba na mkandarasi ikieleza kwamba naye atafuata daraja lako.

Kama ni kampuni changa inayoandika programu yake pale Kijitonyama au Mikocheni, na timu ina watu watano wanaoelewana, njia ya tatu ni yenu, ila pale mnapogusa muundo wa kanzidata au maunganisho ya malipo ya mwenza, ongezeni kikao kifupi na watu wa huduma kwa wateja. Wao ndio watakaopigiwa simu.

Kama taasisi yako ina fundi mmoja tu, hakuna kati ya hizi utakayoiweza kikamilifu, na kujilazimisha kutakuchosha bure. Weka daftari moja, hata la Excel, lenye safu za tarehe, kilichobadilishwa, aliyeruhusu na namna ya kurudi. Mpe mhasibu au mkuu wa utawala kazi ya kusoma na kusaini kabla ya kila badiliko la daraja la juu, hata kama haelewi msimbo, kwa kuwa anaelewa tarehe na anaelewa nani ataumia. Tafuta pia fundi wa taasisi jirani wa kukagua kazi nzito kwa makubaliano ya kutunza siri.

Na kwa anayeanza kesho asubuhi bila utaratibu wowote, kabla hujachagua njia, chukua nakala rudufu ya mfumo wako muhimu kuliko yote, irejeshe kwenye mashine ya pembeni, na upime kwa saa inachukua muda gani. Ikirejea kwa dakika 20, unaweza kumudu njia yenye kasi. Ikichukua siku nzima, weka kamati kwanza. Isiporejea kabisa, simamisha mabadiliko yote ya hiari hadi irejee.